Ile rangi ya kijani si ya mutoto wako



Juma lililopita niliwaahidi kuandika juu ya kulinda mahindi na wadudu. Mahindi yatangoja. Kipwa kimeanza, mashini za kuparua barabara zimerudi, na kisha mukutano wa AVEC wamama watatu walinifuata mupaka ku mulango na ulizo moja: "Mama, watoto wetu watavuka namna gani?" Nilitaka kuwajibu pale pale. Nikanyamaza, kwa sababu mimi mwenyewe nilimufundisha mutoto wangu kuvuka barabara, na mafundisho yangu ndiyo yalimupeleka mbele ya motoka.

Nitawaelezea. Miaka michache iliyopita kulikuwa shantye ku barabara kubwa yenye kupita karibu na kartie yetu, ile yenye makamyo ya shaba yanafuata kwenda Kasumbalesa. Nusu moja ya barabara walikuwa wameichimba, nusu ingine ilibaki wazi, na motoka za pande zote mbili zilipita humo kwa zamu. Mutoto wangu wa tatu, musichana, alikuwa na miaka kenda. Kila asubui alivuka pale kwenda ku masomo.

Nilimufundisha kama vile mama yangu alinifundisha: angalia kushoto kwanza, kwa sababu kwetu Kongo motoka zinafuata upande wa kuume, basi ile ya karibu yako inatokea kushoto. Kisha angalia kuume. Siku ile aliangalia kushoto. Makamyo yalikuwa yamesimama musitari murefu. Mbele yao mufanyakazi alisimama na kibao chake cha muviringo, akawaonyesha upande mwekundu. Mutoto alikuwa nyuma ya yule mufanyakazi, na upande wa nyuma wa kile kibao ni kijani. Akaona makamyo yamesimama, akaona kijani, akafikiri ni zamu yake. Akaingia. Motoka ndogo ikatokea kuume, ku nusu ile ile yenye kuwa karibu naye, mahali penye kwa siku zote hakuna motoka yenye kutokea kuume.

Kioo cha pembeni kilimupiga bega, akaanguka, na muguu ukavunjika mahali pawili. Ako muzima. Ninaandika hilo mapema ili musisome kwa wasiwasi. Shofere alisimama, na si wote wenye kusimama. Alikaa chini ku mavumbi, mikono ku kichwa, akirudilia: "Walinionyesha kijani, mama. Walinionyesha kijani." Ilikuwa kweli. Yeye alionyeshwa kijani, na mutoto wangu aliona kijani, wote wawili kwa dakika moja.

Ile kijani ya nyuma ya kibao haisemi na mutu mwenye kutembea kwa miguu. Kinyume, kama uko ndani ya shantye na unaona kijani ku mugongo wa mufanyakazi, maana yake ni kwamba yeye amefunga upande wake ili motoka za upande mwingine zipite. Yaani zinakuja. Zinakuja sasa. Hakuna mutu aliyenielezea jambo hilo mbele muguu wa mutoto haujavunjika, na nimeuliza wamama wengi tangu siku ile: hakuna hata mumoja aliyekuwa analijua.

Basi hiki ndicho ninawafundisha watoto wangu sasa. Pa shantye usiangalie bendera wala kibao, hata kidogo. Angalia mipira ya motoka. Mipira yenye kuzunguka, wewe unabaki. Angalia kushoto na kuume mara mbili mbili, hata kama upande moja umefungwa, kwa sababu ku nusu ya barabara motoka inaweza kutokea upande wowote. Na mutoto wa chini ya miaka kumi asivuke pekee yake pale, aombe yule mufanyakazi wa kibao amuvushe. Watu wale wanatukanwa na mashofere muchana kutwa ku jua kali; mutoto akiwasalimia kwa heshima, "Shikamoo baba, tunaomba kuvuka", sijaona mwenye kukataa.

Sasa tuzungumuze juu ya mbio, kwa maana kijani peke yake haikuvunja muguu wa mutu.

Yule shofere alikuwa amengoja karibu nusu saa ku musitari. Walipomufungulia, alitaka kurudisha ile nusu saa yake. Hiyo ndiyo tabia ya shantye zote: watu wanangoja wakiwa na hasira, kisha wanakimbia. Tupige hesabu pamoja. Kama sehemu yenye kutengenezwa iko na kilometa mbili, mwenye kupita na mbio ya kilometa 30 kwa saa atatumia dakika nne. Mwenye kupita na 60 atatumia dakika mbili. Faida yote ni dakika mbili, wakati wa kunywa kikombe cha mayi na kukirudisha ku meza.

Na hasara yake? Motoka ndogo yenye freni nzuri, ku gudroni kavu, ikiwa ku 30, tangu shofere anaona mutoto mupaka motoka isimame inatumia karibu metre 13. Ikiwa ku 60, zaidi ya metre 35. Vitesi imezidishwa mara mbili, lakini nafasi ya kusimama imekaribia kuwa mara tatu. Ingieni ku kiwanja na watoto wenu, muhesabu hatua 20 za mwanamuke, muweke jiwe. Endeleeni mupaka hatua 55, muweke jiwe lingine. Mutoto wangu wa mwisho alisimama ku jiwe la kwanza, akaangalia la pili, akasema: "Mama, huyu wa pili hanioni bado." Ilimufundisha kuliko maneno yangu yote.

Na hiyo ni gudroni kavu. Pa shantye hakuna gudroni kavu. Kuna changarawe yenye kuteleza chini ya mipira, kuna udongo mwekundu wenye unageuka sabuni kisha kumwangiwa mayi, kuna kamyo yenye kubeba tani makumi, na yenyewe inahitaji nafasi ndefu zaidi. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kwamba motoka ikimugonga mutembea kwa miguu ku 65 kwa saa pahali pa 50, hatari ya kufa inaongezeka mara ine na nusu. Ni shirika hilo pia lenye linasema kwamba ajali za barabara ndizo zinaua watu wa miaka 5 mupaka 29 kuliko kitu kingine chochote mu dunia. Sisi tunaogopa malaria na kolera, na ni vema tuziogope. Lakini mutoto akishapita miaka mitano, barabara nayo inastahili kuogopwa sana.

Mu mwezi wa pili wa mwaka wa 2020 wakubwa wa inchi nyingi walikutana Stockholm, inchi ya Swedi, wakaandika kwamba mahali watu na motoka wanachangana, mbio isipite 30. Ni neno zuri, lakini pale kwetu bango la "30" lilikuwa limesimama tangu siku ya kwanza, na shofere alilipita kama vile anapita muti wa muembe.

Nilikuwa nakasirika sana juu ya hilo, mupaka ndugu yangu mumoja mwenye alifanya kazi ya shantye miaka mingi akanielezea. Shofere hasikilize bango, anasikiliza motoka yake. Kama bango linasema 30 lakini njia ni pana, imeparuliwa vizuri, hakuna mutu, muguu wake unakanyaga. Na kama lile bango linabaki siku ya Mungu, wakati hakuna hata mufanyakazi mumoja, shofere anajifunza kwamba bango linadanganya, na siku ya kwanza atalipita vile vile. Mabango ya kazi yafunikwe wakati hakuna kazi, yafunuliwe wakati kazi iko. Chenye kupunguza mbio ni kile mwili unasikia: dodan ya udongo uliopigwa vizuri mbele ya kuingia, mapipa yaliyopangwa ili njia iwe nyembamba pole pole, mutu wa kibao mwenye kuonekana tangu mbali na koti yake yenye kungaa. Na dodan yenyewe itangazwe mbele, ipakwe chokaa, kwa sababu dodan yenye haionekani usiku inaua watu wa moto.

Kuna jambo lingine lenye ndugu yangu alinifundisha, na hilo nililipenda sana juu ya urahisi wake. Hatari kubwa ni ile motoka ya mwisho, yenye inaponyoka wakati kibao kinageuka. Inajua imechelewa, basi inakimbia, na ku ngambo ingine wameshafungua. Shantye zenye akili zinampa shofere wa mwisho kijiti. Akifika ngambo anamupatia mufanyakazi wa kule kile kijiti, na mbele ya kukipokea yule hafungui njia. Kijiti tu! Hakiombe umeme wala salio ya telefone.

Makamyo yenye kutoka Zambia yanatuletea hesabu yao pia. Kule wanafuata upande wa kushoto, na usukani wao uko kuume. Yakiingia kwetu, shofere anakaa upande wa pembeni ya njia, na upande wa katikati ya barabara haoni vizuri. Mutoto mwenye kusimama karibu na bampa, upande wa kushoto wa kamyo ya namna hiyo, shofere wa juu kule hajui kama ako. Nasema hivyo juu ya wamama wa soko. Wapi makamyo yanasimama musitari, soko linazaliwa: mayi ya sashe, mikate, mandizi, karanga, mayai ya kupika. Mimi pia nimeuza pale, sitajifanya mutakatifu. Ni feza nzuri, kwa sababu mwenye kungoja nusu saa ananunua. Lakini kibao kikigeuka, kamyo ya kwanza inanguruma, na utaona mama anakimbia kati ya kamyo na kamyo kufuata feza yake ya mukate. Uza pembeni, nje ya barabara, mahali shofere anaona uso wako. Usipite kamwe mbele ya kamyo yenye mashini inawaka. Na usimutume mutoto kwenda kudai feza. Mukate moja uliopotea ni mukate moja.

Tena, kwa kuwa tunasema ukweli: yale mapipa yanakwenda wapi usiku? Tunajua yanakwenda wapi. Nimeona pipa lenye musitari mwekundu na mweupe mu kiwanja cha mutu, linakinga mayi ya mvua. Nimeona utepe wa shantye umefunga kuni. Kama hakuna pipa, shofere wa usiku haoni mwisho wa gudroni wala mwanzo wa shimo. Mashofere wetu motoka ikiharibika wanakata matawi na kuyaweka ku barabara ili kuonya wengine. Hata matawi yale yanaheshimiwa kuliko pipa la shantye, kwa sababu tawi halina kazi nyumbani. Wamama, pipa tusinunue. Anayekuletea pipa la rangi mbili kwa bei ndogo, muulize limetoka wapi, na jibu lake unalijua.

Sasa, tufanye nini? Mukutano wetu uliandika maombi, na kikundi chochote kinaweza kuyachukua na kuyageuza kufuatana na njia yake.

Kwanza, someni bango kubwa la shantye, lile lenye majina. Kwa kawaida linasema kazi ni ya nani, nani anafanya, nani anachunguza, na feza inatoka wapi. Mumoja wenu aliandike ku kaye. Mu muji munaweza kukuta Office des Voiries et Drainage, yaani OVD. Ku barabara kubwa za inje ya muji munaweza kukuta Office des Routes. Barua yenu iende kwa mwenye kufanya kazi na kwa mwenye kuchunguza, na nakala kwa shefu wa kartie. Barua yenye kwenda kwa mutu mumoja inapotea.

Ombi letu la kwanza lilikuwa hili: wakati watoto wanaingia ku masomo na wakati wanatoka, pande zote mbili zionyeshe nyekundu kwa dakika chache, na watoto wavuke pamoja. Shantye inaweza kusimama, imeshasimama mara nyingi juu ya mambo ya bure. La pili ni njia ya miguu, yenye kutengwa na motoka kwa mapipa ao udongo, yenye upana wa kutosha mwanamuke mwenye beseni ku kichwa na mutoto ku mugongo kupishana na mwingine. Ukivukisha watu juu ya mufereji uliochimbwa, ni ubao mupana wenye pa kushika, hapana muti mumoja wa muviringo. La tatu ni mayi ya kutuliza mavumbi, asubui na muchana, kwa sababu mutoto mwenye anafikichwa macho haoni kamyo, na shofere haoni mutoto. Na mashimo yenye wanachimba udongo wayafunge wakimaliza. Mvua ikiyajaza, watoto wanaingia kuogelea. Juu ya hilo siandiki mengi. Kila kartie iko na mama mwenye analijua.

Wengine wataona haya kuomba, watasema barabara ni zawadi ya wakubwa. Hapana. Tangu mwaka wa 2008 tuko na FONER, mufuko wa kutunza barabara, na feza yake inatoka ku mafuta yenye kuuzwa na ku peaje. Kila mara unalipa taksi, kila mara unanunua samaki aliyepandishwa kwa kamyo, umeweka kitu mule. Na mu mikataba mingi ya barabara, mabango, mapipa na watu wa vibao vimeandikwa na vimepewa bei. Mwenye hatavileta hakutunyima zawadi, amebaki na kitu kilicholipwa.

Tena sauti ya watu wa kando ya barabara inafika mbali kuliko tunafikiri. Mu mwaka wa 2017, kule Kivu, Banki ya Dunia ilisimamisha feza za kazi za mupango wa barabara wenye kushugulikia njia ya Bukavu na Goma, kisha watu wa pale kupeleka malalamiko, na ndani yake kulikuwa jeuri iliyofanyiwa wanawake. Si jambo moja na letu, lakini mulango ni ule ule. Shantye yenye feza ya namna hiyo inapaswa kuwa na mahali pa kupokea malalamiko. Ulizeni ni wapi, na ni nani. Kama hawajui kujibu, andikeni hilo pia.

Sisi tulipata nini? Njia ya miguu tulipata, nyembamba kidogo kuliko tuliomba. Dodan mbili tulipata. Mayi ya mavumbi yalikuja siku tatu, kisha ile kamyo ya mayi ikaharibika, ao walisema imeharibika. Nyekundu ya pande mbili asubui tuliipata kisha barua tatu na kisha wamama kumi na wawili kwenda kusimama mbele ya ofisi ya shantye na watoto wao wenye uniforme, bila kelele, mupaka musimamizi akatoka. Alikuwa mutu wa kusikiliza, nilishangaa. Alisema hakuna mutu aliyemuambia saa ya masomo.

Mutoto wangu alilala ku hopitali juma tano. Niliuza mashini yangu ya kushona ili kulipa, na mashini hiyo sijairudisha mupaka leo. Wenye mulikuwa munaniletea nguo munajua. Sasa ako kijana, anatembea vizuri isipokuwa wakati wa baridi ya mwezi wa sita, muguu unamuuma na anakasirika na kila mutu. Asubui anampeleka ndugu yake mudogo ku masomo. Hamushiki mukono, anamushika kikonyo, kwa nguvu, na yule mudogo analalamika. Jana mashini zilikuwa zimeshafika pale pa kuvukia. Niliwaangalia tangu mulango: walisimama, makamyo yamefungwa, kijani ku mugongo wa mufanyakazi, na watoto wengine wakaanza kuingia. Yeye aliwapigia kelele ya nguvu mupaka wakarudi nyuma wote, na moto mbili zikapita.

Wenye wanataka nakala ya barua yetu ili kuigeuza, mwanamuke mwenye kuweka kaye ya AVEC anayo; mulete karatasi yenu. Mahindi ni juma linalokuja.